Kufundisha Mshono wa Matofali: Utarizi wa Kuhesabu Nyuzi wa Ujerumani ya Zama za Kati kwa Wanaoanza

Katika mshono wa matofali, safu ya kwanza ikikaa sawa, zinazofuata huifuata zenyewe. Ikikosea uzi mmoja tu, kosa hilo hupanda nayo mpaka juu ya kazi. Kwa hiyo darasa linaloelezwa hapa ni la saa 2, na muda wake mwingi unaishia kwenye safu moja. Walimu wengi hugawa kitambaa na mchoro mzuri wa rangi 4, kisha hutumia kipindi chote kuzunguka wakifumua. Afadhali mwanafunzi aondoke na safu 2 zilizonyooka kuliko robo ya ua lililopinda, kwa sababu mwenye safu 2 sahihi anaweza kuendelea akiwa peke yake nyumbani.

Mwongozo huu ni wa wanaofundisha katika makundi yanayoigiza maisha ya Zama za Kati, kama yale ya Society for Creative Anachronism iliyoanzishwa Berkeley, California, mwaka 1966, na makundi mengine ya Ulaya. Hauhitaji mwalimu awe bingwa. Unahitaji awe ameshona kipande hiki chote mwenyewe kabla ya kukifundisha, kwa kitambaa kilekile na uzi uleule atakaowapa wanafunzi.

Kazi yenyewe

Utarizi huu ulishamiri kaskazini mwa Ujerumani, hasa Westphalia na Lower Saxony, kati ya karne ya 13 na ya 15. Ulishonwa kwa hariri juu ya kitani, na nyumba za watawa wa kike zilikuwa miongoni mwa mahali ulikofanyika kwa wingi. Mishono yote ni ya wima. Kila mmoja unavuka nyuzi 4 za kitambaa, na jirani yake anaanza nyuzi 2 juu zaidi au chini zaidi. Uso wa kazi unatokea kama ukuta wa matofali uliolazwa ubavu, na kitani hakionekani hata kidogo.

Umri wake tunaujua kupitia vitu vya kanisa: vitambaa vya altare, mapazia, na vifuko vya kuwekea masalia ya watakatifu. Hazina ya Basilika ya Mama Yetu mjini Tongeren, Ubelgiji, na ile ya Mtakatifu Servatius mjini Maastricht, Uholanzi, zote zina vifuko vya namna hiyo. Vimefika kwetu kwa sababu vilikaa karne nyingi ndani ya hazina, mbali na jua na mikono ya watu.

Kwa anayeanza, mshono huu una faida 3 kubwa. Kuna aina moja tu ya mshono wa kujifunza. Upande wa nyuma hufunikwa na bitana, kwa hiyo mikia ya nyuzi haimwaibishi mtu. Na hakuna kuchora chochote kwenye kitambaa: aliyezoea kofia ya viua, ambayo nakshi yake huchorwa kwanza ndipo ishonwe, atashangaa kidogo, maana hapa mchoro unabaki kwenye karatasi na kitambaa chenyewe ndicho rula.

Vifaa vya kila mwanafunzi

Kitani cha mfumo sawa chenye nyuzi 10 kwa kila sentimita, kipande cha sm 20 kwa sm 20. "Mfumo sawa" maana yake idadi ya nyuzi zilizosimama na zilizolala ni ileile ndani ya sentimita moja. Usiamini maandishi ya dukani. Weka rula, hesabu kwa ncha ya sindano pande zote mbili. Kitambaa chenye nyuzi 10 upande mmoja na 8 upande wa pili kitatoa kazi iliyorefuka au iliyobonyea, na mwanafunzi atadhani kosa ni lake.

Usigawe aida. Kitambaa hicho ni cha karne ya 19, na hata ukiacha historia, kimefumwa kwa vishada vyenye matundu yaliyoachana. Mishono ya matofali inataka kukaa bega kwa bega, kila mmoja kwenye mwanya wake, yaani nafasi kati ya nyuzi mbili zilizosimama; juu ya aida weupe utachungulia katikati yao kila mahali.

Sindano butu namba 24. Ubutu ni wa lazima: sindano yenye ncha kali hupasua uzi wa kitani badala ya kupita kandoni mwake, na uzi uliopasuliwa hauhesabiki tena.

Uzi wa kutarizi wa pamba, ule wenye viuzi 6 vinavyochambulika. Tunashona kwa viuzi 3. Hariri ndiyo sahihi kihistoria, lakini hariri isiyosokotwa hunasa kwenye kila ukucha na kila ngozi kavu. Darasa la kwanza si mahali pake. Chagua rangi 3 zilizo karibu na zile za mimea ya wakati huo: nyekundu ya matofali inayofanana na ya mizizi ya Rubia tinctorum, buluu ya Isatis tinctoria, njano ya Reseda luteola, au kijani ambacho mafundi walikipata kwa kuweka njano juu ya buluu. Waridi kali na zambarau ya plastiki viache sandukuni.

Fremu ya duara ya sm 15, iliyozungushiwa utepe wa pamba kwenye pete ya ndani ili isiache alama. Mkasi mdogo. Pini 2. Na kitambaa cheusi cha kuweka mapajani: kitani kikiwa juu ya kitu cheusi, matundu yanaonekana mara moja. Darasa likifanyika hemani, kama ilivyo kawaida kwenye kambi za maigizo, kitambaa hiki kinasaidia kuliko taa.

Mwenye macho yaliyochoka mpe kitani cha nyuzi 8 kwa sentimita na viuzi 4. Mfanyie hivyo kabla hajaomba.

Hesabu ya uzi

Kazi ya darasa ni mraba wa sm 6 kwa sm 6, unaotosha kuwa uso wa kimto cha pini. Kwa nyuzi 10 kwa sentimita, kila sentimita ya mraba inabeba mishono 25: mianya 10 kwa upana, na mishono miwili na nusu kwa urefu. Mraba wote ni mishono 900 hivi.

Mshono mmoja unakula milimita 4 mbele na takriban milimita 2.2 nyuma, ikiwa mwanafunzi anafuata njia ya sindano iliyoelezwa hapa chini. Hiyo ni karibu sm 16 kwa kila sentimita ya mraba. Uzi wa sm 45, ukitoa sm 10 za mikia, unatoa mishono 56. Kwa hiyo mishono 900 inahitaji nyuzi 16 za sm 45. Kata 18, yaani 6 kwa kila rangi, na moja ndefu ya sm 60 kwa safu ya kwanza. Kibunda cha mita 8 kinatoa mita 16 za viuzi 3, kwa hiyo kibunda kimoja cha kila rangi kinawatosha wanafunzi 4 na ziada kidogo.

Usikubali mtu akate mkono mzima wa uzi ili "asichoke kutunga sindano". Uzi mrefu hupita kwenye tundu lilelile la kitani mara nyingi, unachanika na kutoa manyoya, na sehemu yake ya mwisho inakuwa nyembamba kuliko ya mwanzo. Tofauti hiyo inaonekana ukiwa umesimama mbali.

Maandalizi ya mwalimu kabla ya siku

Kunja kingo za kila kipande au zizungushie mshono wa kukinga, la sivyo kitani kitafumuka mikononi. Halafu shona uzi wa mwongozo. Hii ndiyo kazi muhimu kuliko zote utakazofanya kabla wanafunzi hawajafika.

Chukua uzi wa kawaida wa kushonea wa rangi iliyokolea. Tafuta mwanya wa katikati ya kitambaa kwa kukikunja mara mbili. Pitisha uzi kutoka hapo kwenda kulia, ukivuka nyuzi 5 zilizosimama kwa juu, kisha 5 kwa chini, ukibaki sambamba na uzi uleule uliolala bila kuruka hata mara moja. Fika mshono wa 6, simama. Rudi katikati, fanya hivyohivyo kwenda kushoto. Sasa una mstari unaotoka na kuzama kila baada ya nyuzi 5, jumla nyuzi 60. Kila mahali uzi huo unapotoka au kuzama patakuwa kilele au bonde la safu ya kwanza. Mwanafunzi hahitaji kuhesabu mpaka 60. Anahesabu mpaka 5, anaangalia kama amefika kwenye alama, anaendelea.

Pitisha mwongozo wa pili wima katikati. Huo hauna hesabu, ni wa kuonyesha tu upande wa juu uko wapi.

Andaa pia kielelezo kikubwa: kipande cha gunia la katani kilichobanwa kwenye fremu ya mbao, na uzi mnene wa sufu. Nyuzi za gunia zinaonekana na watu 6 kwa pamoja. Zaidi ya watu 6 usichukue peke yako.

Dakika 35 za mwanzo

Dakika 15 eleza kazi, onyesha picha za vifuko, pitisha kipande chako ulichomaliza kikiwa mbele na nyuma. Waache wauguse. Dakika 20 zinazofuata ni za kuhesabu tu, bila kushona.

Kila mwanafunzi abane kitani kwenye fremu mpaka kikigongwa kwa kidole kitoe sauti ya ngoma ndogo. Nyuzi ziwe zimenyooka. Ukivuta kitambaa kwa kona, nyuzi zinapinda na mraba unakuwa msambamba. Vuta kwenye pande nne, usivute kona.

Kisha waambie: "Ingiza ncha ya sindano chini ya nyuzi 4 zilizolala, inua, nionyeshe." Pita kwa kila mmoja. Utakuta wawili au watatu wameinua 3 au 5, na sababu karibu kila mara ni moja: wanahesabu matundu badala ya nyuzi. Kuvuka nyuzi 4 kunagusa matundu 5, la kutokea na la kuzamia yakiwemo. Lieleze hili kwenye gunia, mara mbili, kisha warudie zoezi mahali pengine pa kitambaa mpaka kila mmoja apatie mara 3 mfululizo. Anayepatia mapema achambue nyuzi zake.

Kuchambua kuna namna yake. Vuta kiuzi kimoja kimoja kutoka kwenye uzi, vyote 3, kisha vipange tena pamoja. Ukivuta vitatu kwa pamoja vinabaki vimesokotana kama vilivyotoka kiwandani, na uzi uliosokotwa ni wa mviringo, haujitandazi kufunika mwanya.

Safu ya kwanza: dakika 45

Safu ni mawimbi ya hatua 5: kutoka bondeni unapanda hatua 5 hadi kileleni, unashuka 5 hadi bonde linalofuata. Kila hatua ni mshono mmoja, mwanya mmoja pembeni, nyuzi 2 juu au chini. Tunaanzia bondeni, katikati kabisa, ili uzi ugawanyike nusu kwa nusu.

1. Tunga uzi wa sm 60. Usipige fundo. Tokea kutoka chini kwenye mwanya wa katikati, juu tu ya uzi wa mwongozo. Vuta mpaka nusu ya uzi ibaki nyuma. Nusu hiyo iviringishe kwenye pini upande wa nyuma isije ikanaswa.

2. Hesabu nyuzi 4 kwenda juu katika mwanya huohuo, zamisha sindano. Huo ni mshono wa kwanza, wa bondeni.

3. Hamia mwanya unaofuata kulia. Tokea nyuzi 2 juu ya mahali ulipotokea mwanzo. Njia rahisi ya kuhakiki: sindano inatakiwa itokee kandoni mwa katikati ya mshono uliotangulia, isiwe kwenye ncha yake. Vuka nyuzi 4, zama.

4. Rudia mpaka uwe umepanda hatua 5 kutoka bondeni. Mshono huo ni kilele. Shusha jicho moja kwa moja mpaka kwenye uzi wa mwongozo: lazima kuwe na alama chini yake. Hakuna alama? Simama hapo, usishone hata mmoja zaidi.

5. Sasa unashuka, na sindano inabadili mwelekeo. Hamia mwanya unaofuata, tokea kwenye ncha ya juu ya mshono mpya, yaani nyuzi 2 chini ya kilele, na zama kwenye ncha yake ya chini.

6. Shuka hatua 5 hadi bondeni. Mshono wa bondeni lazima uishe kwenye mwanya wa alama, juu ya uzi uleule wa mwongozo. Bonde likikaa juu au chini ya mwongozo, kuna mshono wa nyuzi 3 au 5 nyuma yako.

7. Panda tena, ukianzia chini kwenda juu. Endelea hadi ukingo wa kulia, kilele cha tatu na bonde la mwisho. Kisha fungua nusu ya uzi iliyokuwa kwenye pini, itunge, na ufanye upande wa kushoto vivyo hivyo. Anayetumia mkono wa kushoto aanze na upande wa kushoto. Mchoro una ulinganifu, hakuna kinachobadilika.

Hatua ya 5 ndiyo inayowachanganya wengi, kwa hiyo iweke kwa maneno mafupi wanayoweza kurudia: *ukipanda, anzia chini, ukishuka, anzia juu.* Sababu yake iko upande wa nyuma. Ukifuata kanuni hii, uzi wa nyuma kila mara unapita umbali wa nyuzi 2 tu. Ukiamua kuanzia chini siku zote, kila hatua ya kushuka inaacha mstari wa nyuzi 6 nyuma: unakula uzi zaidi kwa karibu theluthi, na mgongo wa kazi unanenepa upande wa kushuka huku upande wa kupanda ukibaki mwembamba. Mbele, mteremko mmoja wa wimbi unaonekana umevimba. Kwa hariri, ambayo ilikuwa ghali, hasara hiyo ingemuumiza mtu.

Wafundishe kuchoma na kutoa kwa miondoko miwili: sindano inashuka yote, inapokelewa chini, inapandishwa. Kuchota kitambaa kwa mwondoko mmoja kama mtu anayeshona pindo kunahitaji kitambaa kilicholegea, na kitambaa kilicholegea hufanya mishono ikaze na kubana nyuzi za kitani. Matokeo ni vitundu vidogo kwenye ncha za mishono. Mkazo sahihi ni ule ambao uzi umelala juu ya kitani bila kukibonyeza.

Kila baada ya mishono 10 hivi, fremu igeuzwe na sindano iachwe ining'inie. Uzi uliojisokota utajizungusha wenyewe ukafunguka.

Safu ya pili, na kwa nini sasa ni rahisi

Chukua rangi nyingine. Safu ya pili inakaa juu ya ile ya kwanza: ncha ya chini ya kila mshono mpya inatumia tundu lilelile la ncha ya juu ya mshono ulio chini yake. Kinachohesabiwa ni nyuzi 4 za mshono wenyewe tu. Hatua, vilele na mabonde tayari vimewekwa. Wengi hushusha mabega hapa kwa mara ya kwanza tangu waketi. Wape dakika 25, na uwasimamie kwa jambo moja: sindano iingie ndani ya tundu hasa, isipasue uzi wa chini. Ukubwa wa tundu ukiwa shida, ncha butu itumike kusogeza uzi wa kwanza kidogo kando kabla ya kupita.

Uzi mpya huanzwa kwa kupitishwa chini ya mistari ya nyuma ya kazi iliyopo, sm 3 hivi, kisha kurudi juu ya mstari mmoja ili ujikaze. Humalizwa vivyo hivyo. Mwenye rangi nyekundu au buluu iliyokolea asipitishe mkia wake chini ya safu ya njano au nyeupe. Utaonekana mbele kama kivuli. Mafundo hayatakiwi kwa sababu bitana ikibanwa juu yake, mwinuko unatokea mbele.

Dakika 15 za mwisho zitumie kuonyesha namna ya kusoma mchoro. Kwenye karatasi ya miraba, mshono mmoja huchorwa kama kisanduku chenye upana wa mraba 1 na urefu wa miraba 2, na kwa urefu kila mraba unasimama badala ya nyuzi 2. Anayedhani mraba mmoja ni uzi mmoja atashona kazi yenye nusu ya urefu. Mwambie kila mtu achore wimbi alilolishona, kisha alinganishe.

Yanayoharibika

*Weupe unaonekana kati ya mishono.* Uzi ni mwembamba kwa kitambaa hicho, au umejisokota. Acha kwanza sindano ining'inie. Ikiwa bado, ongeza kiuzi 1. Ukiongeza, ongeza tangu mwanzo wa safu.

*Kitambaa kinajikunja au mianya inatanuka.* Uzi ni mnene mno. Viuzi 4 kwenye nyuzi 10 kwa sentimita vinasukuma nyuzi za kitani pembeni, na mraba wako wa sm 6 unafika 6.5 kwa upana huku urefu ukibaki palepale.

*Pengo dogo kati ya safu ya kwanza na ya pili, mahali pamoja tu.* Mshono mmoja wa safu ya kwanza una nyuzi 3. Kwenye pembe za mawimbi ndiko kunakopatikana mara nyingi, kwa sababu mwanafunzi alibadili mwelekeo na hesabu kwa wakati mmoja. Fumua mpaka hapo. Kuziba kwa kushona mshono wa nyuzi 5 juu yake kunaacha mishono miwili isiyolingana na mingine.

*Kilele kipana chenye mishono 2 inayolingana urefu.* Alisimama kupumzika kileleni, akarudi na kukishona tena. Kila mapumziko yaanze katikati ya mteremko, pale ambapo mwelekeo unaonekana bila kufikiri.

*Wimbi zima linapanda polepole kuelekea kulia.* Mwalimu aliruka uzi mmoja kwenye mwongozo. Hapo omba radhi, na mpe mwanafunzi kipande kingine.

Kufumua nako kunafundishwa. Toa sindano kwenye uzi, vuta mshono mmoja mmoja kwa tundu la sindano, sio kwa ncha. Ikiwa mishono inazidi 15, kata uzi mbele katika sehemu kadhaa na uvute vipande kwa nyuma. Uzi uliofumuliwa usirudishwe kazini. Umeshapoteza mng'ao na hautajitandaza.

Mchoro wa kuendelea nao

Baada ya mawimbi, hatua inayofuata ni almasi: mawimbi mawili yanayotazamana, lile la juu limegeuzwa, na nafasi ya katikati inajazwa safu zinazopungua. Hapo mwanafunzi anakutana na safu zisizofika ukingoni, na kazi ya rangi ya mandhari inaanza kueleweka. Rangi ya mandhari ishonwe mwisho, baada ya mistari yote ya mipaka kukamilika.

Kuna jambo moja la kuamua mapema. Nakshi nyingi za kale za aina hii zina alama ya swastika, ambayo wakati ule ilikuwa pambo la kawaida la kijiometri. Kwa watu wa leo, na zaidi kwa familia zilizoumizwa na utawala wa Wanazi, alama hiyo ina maana nyingine, na mavazi ya maigizo huvaliwa mbele ya watu wasiojua chochote kuhusu Westphalia ya karne ya 14. Iache kwenye darasa, iache kwenye nguo. Nakshi za almasi, nyota na mafundo ni nyingi kiasi kwamba hutakosa kitu.

Atakayependa kuhesabu nyuzi bila kufunika kitambaa chote apelekwe baadaye kwenye mshono wa mistari miwili wa Misri ya Wamamluki, waliotawala kuanzia 1250 hadi 1517. Jumba la makumbusho la Ashmolean, Oxford, lina vipande vyake vingi katika mkusanyo wa Newberry, vingine vya hariri ya buluu juu ya kitani.

Kutoka kipande cha darasa hadi kifuko

Mraba wa darasa ukiisha, ondoa uzi wa mwongozo kwa kuukata kila sm 3 na kuuvuta. Lowesha kazi kwa maji baridi, ibane kwa pini kwenye ubao kwa kufuata uzi wa kitani, iache ikauke. Kabla ya hapo jaribu nyekundu yako: lowesha kipande cha uzi, kibane ndani ya kitambaa cheupe. Kikichuja, kazi isiguswe na maji.

Kifuko cha sm 12 kwa sm 12 hushonwa kama kipande kimoja cha sm 12 kwa 24, kinachokunjwa chini. Hiyo ni mishono 7,200 na karibu mita 46 za viuzi 3, kwa hiyo nunua vibunda 4 kwa jumla. Anza wimbi la kwanza pale kwenye mkunjo, ushone kwenda juu pande zote mbili. Ukianzia mdomoni, nakshi itatokea kichwa chini upande wa pili. Acha kitani kitupu cha sm 2 kuzunguka, kikunje ndani, weka bitana ya hariri au kitani chembamba, halafu ufunge ubavu na kuufunika kwa kamba iliyosukwa. Matundu ya kamba za kufungia yatobolewe kwa msumari laini unaosogeza nyuzi bila kuzikata, kisha yazungushiwe uzi.

Ikiwa kifuko kitaonyeshwa kwenye meza ya sanaa ya kundi lako, weka kadi pembeni yake. Kadi ya mtu aliyeanza inaweza kuwa fupi namna hii:

"Mshono wa matofali kwa mtindo wa kaskazini mwa Ujerumani, karne ya 14. Kitani cha nyuzi 10 kwa sentimita, kilichofumwa kwa mashine. Uzi wa pamba wa viuzi 3 badala ya hariri. Nakshi ya mawimbi imebuniwa kwa ajili ya mafunzo, haikunakiliwa kutoka kifuko chochote. Kila mshono unavuka nyuzi 4 na kupanda au kushuka 2."

Waamuzi na wageni wanaoijua kazi hii watageuza kifuko kutafuta mgongo wake, kwa hiyo acha upande mmoja wa bitana bila kushonwa mpaka maonyesho yaishe.